Mbona hakuondoka mapema?

Kila habari zinapoenea kwamba mwanamke kijana ameumizwa au kuuawa na mume au mpenzi wake, swali huwa lile lile: mbona hakuondoka mapema? Liliulizwa hata mnamo Januari 2024, maelfu ya wanawake walipoandamana jijini Nairobi na katika miji mingine kulaani mauaji ya wenzao. Waulizao hudhani kuwa mambo yalianza siku alipokutana na mwanamume huyo. Aghalabu yalianza kitambo, angali mtoto.

Mnamo 2010 serikali ya Kenya iliendesha uchunguzi wa kitaifa kuhusu dhuluma dhidi ya watoto. Miongoni mwa wanawake wa umri wa miaka 18 hadi 24, asilimia 32 walisema walidhulumiwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na asilimia 66 walipigwa. Uchunguzi wa 2019 ulipata kama asilimia 16 na 39. Kupungua huko kwapendeza. Hata hivyo, mabinti wa kizazi kile cha 2010 sasa ni wanawake wa miaka thelathini na kitu, wengi wao wakiwa na watoto wao. Na mwaka wa 2022, uchunguzi wa kitaifa wa afya ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepata kupigwa tangu walipofika miaka 15.

Watafiti wa mataifa mengi wamethibitisha kuwa msichana aliyedhulumiwa utotoni huwa katika hatari kubwa zaidi ya kudhulumiwa tena ukubwani kuliko mwenziwe asiyedhulumiwa. Hiyo si laana, wala si kwamba kila aliyepatwa na hayo yatampata tena. Lakini mtoto apigwaye na ampendaye, kisha akaambiwa kipigo ndiyo mapenzi, hushindwa kuvitenga viwili hivyo. Naye aliyenajisiwa na jamaa, kisha wazee wakajifungia na kukubaliana faini ya mbuzi, hujifunza kuwa mwili wake una bei na kilio chake ni fedheha kwa ukoo. Atakapotishwa na mpenzi akiwa na miaka ishirini, atamlilia nani? Alikwisha kulia, hakuna aliyemsikia.

Kusikizwa kwawezekana. Mnamo Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walikiuka haki za wasichana kadhaa walionajisiwa kwa kutochunguza malalamiko yao ipasavyo. Walioshtaki walikuwa watoto, na walioambiwa wamekosa ni maafisa wa dola.

Walimu nao hawana budi kujitazama. Darasani twafundisha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali yenyewe haitaji kiboko. Ni sisi tuliokitia humo. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na sheria ya elimu ya 2013 ikalikariri katazo hilo, lakini ni nani asiyejua shule ambamo kingali chachapa? Msichana achapwaye na mwalimu asubuhi hatamwendea mwalimu yuyo huyo jioni kumweleza yanayotendeka nyumbani.

Waraka wa Tume ya Kuajiri Walimu wa 2010 humtaka mwalimu anayepata habari kuwa mwanafunzi amedhulumiwa kingono kupiga ripoti katika muda wa saa 24. Agizo hilo ni jema, ila ladhani kuwa mwanafunzi amepata pa kusemea. Katika shule nyingi, mwalimu wa ushauri nasaha ana vipindi tele kama wenzake, na humsikiliza mtoto kwenye kona ya majilisi huku wengine wakisahihisha madaftari kandokando. Apunguziwe vipindi hivyo, apewe na chumba chenye mlango unaofungika.