ALIYE JUU MNGOJE CHINI



Siku hizi kila mtu katika Chama cha Sayansi anataka kurusha roketi. Mimi sipingi. Ninachopinga ni kushindana nani amefika juu zaidi, kisha roketi inaachwa ipotelee huko. Naonelea tuzo apewe yule anayerudi na roketi yake mkononi, ikiwa nzima, tayari kurushwa tena.

Hebu tutazame mfano. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni kipande cha roketi. Ikiwa vyombo vya mabingwa huangukia mashamba ya watu, sembuse vyetu?

Roketi yetu ni chupa ya soda ya plastiki. Tunatia maji hadi theluthi, tunaziba, tunajaza hewa kwa pampu ya baiskeli. Kizibo kikifyatuka, maji yanatoka kwa nguvu kuelekea chini na chupa inapaa. Hapo ndipo kazi inapoanza! Parachuti ya kitambaa cha mwavuli mkuukuu ikiwa ndogo mno, chupa inapasuka ikigonga ardhi. Ikiwa kubwa mno, upepo unaibeba. Huku Meru kwenye miteremko ya kahawa na migomba, ikibebwa kidogo tu imeshaingia kwa jirani. Atasemaje akiona vijana kumi wakikanyaga maharagwe yake? Tambarare za Mbeere, kule Embu, zina nafasi zaidi, lakini hata huko kuna watoto na mbuzi.

Kwa hivyo napendekeza haya. Kwanza, upepo utazamwe kabla ya kurusha. Pili, wenye mashamba waombwe ruhusa mapema. Tatu, asiyeokota yake asirushe nyingine siku hiyo. Na mtu yeyote asijaribu kujitengenezea baruti bwenini!

Wapo wanaosema ati kutafuta chupa ni kupoteza wakati. Sikubaliani nao. Chupa iliyopatikana ndiyo inayotuonyesha kama kamba ilikatika au parachuti ilikataa kufunguka. Iliyopotea haitufundishi lolote, na jirani aliyekasirika atatufungia mchezo wote.

Wenzangu, tupende kurusha, lakini tupende zaidi kuokota.