Simu ya programu huria: elimu itangulie ununuzi



Sisi tuishio Murongo twatenganishwa na Kikagati ya Uganda kwa Mto Kagera tu. Aghalabu simu moja hubeba laini za nchi mbili, na fedha za kahawa na ndizi hupita humo. Zimo pia namba za siri, picha za familia na mazungumzo ya mume na mke. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu wajuao ni nani aliyeandika maelekezo yanayokiendesha kifaa hicho, wala yanapeleka nini na wapi.

Vijana wetu wapendao kompyuta wameanza kutaja simu za aina nyingine, simu za Linux, na kuomba wanunuliwe. Yatupasa wazazi tufahamu tunachoombwa kabla ya kukubali au kukataa.

Linux ni kiini cha mfumo endeshi kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Maandishi yake yako wazi. Kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa, kwa sharti kwamba akigawa alichokirekebisha, naye akiache wazi. Hiyo ndiyo programu huria. Simu za Android nazo zimejengwa juu ya kiini hicho, lakini aghalabu kampuni huongeza humo programu zao zilizofungwa, ambazo mwenye simu hawezi kuzikagua.

Simu iliyojulikana sana kati ya hizo ni PinePhone ya kampuni ya Pine64. Toleo lake la kwanza lilianza kuwafikia wanunuzi Januari 2020, kwa takriban dola 150 za Kimarekani, yaani zaidi ya shilingi laki tatu za wakati ule, bila ya gharama za kuisafirisha. Halikuja na mfumo endeshi uliokamilika. Mnunuzi aliuweka mwenyewe, na aliweza kujaribu mwingine kwa kuuwasha kutoka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Kifuniko cha nyuma hufunguka, betri hutolewa, na humo ndani zimo swichi ndogo sita. Kwa swichi hizo mwenye simu huweza kukata mtandao, maikrofoni au kamera, kila kimoja peke yake. Asiyetaka mazungumzo ya nyumbani mwake yasikilizwe hana haja ya kuamini ahadi ya kampuni. Hukata maikrofoni kwa mkono wake.

Lakini simu hiyo ilikusudiwa watengenezaji wa programu, wala si baba anayesubiri malipo ya kahawa. Chaji yake haikudumu, kamera yake ilikuwa dhaifu, na programu za Android hazifanyi kazi ndani yake moja kwa moja. Tukumbuke pia kwamba usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia. Anayeagiza kifaa kutoka nje na ahakikishe kwanza kwamba namba yake ya utambulisho, IMEI, inatambulika nchini.

Je, tumkatalie kijana? La. Anachokitafuta katika simu ile kimo pia katika kompyuta iliyochakaa. Mfumo kama Debian hupatikana bila malipo. Kijana mmoja akishaupakua, wenzake hunakili kwa flashi wasitumie intaneti tena. Na kunakili huku ni halali, kwa kuwa wenye kazi wametoa ruhusa, tofauti na programu za wizi zinazouzwa mitaani, ambazo familia nyingi huzitumia bila kujiuliza.

Matunda ya ruhusa hiyo tumeyaona hapa kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupiga hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa kuwa maandishi yake yalikuwa wazi, Watanzania hawakuhitaji kusubiri kampuni ya ng'ambo iwahurumie.

Ushauri wetu ni huu. Kijana na aanze kwa kuweka Linux katika kompyuta kuukuu. Kisha atengeneze jambo moja linaloifaa nyumba: daftari la kilo za kahawa tulizouza na deni tunalodai, au hesabu za michango ya madrasa. Binti apewe nafasi sawa na kaka yake. Akifika hapo, mzazi atakuwa na sababu ya kufikiria simu. Asipofika, fedha ya mavuno itakuwa imesalimika.

Simu zetu zimebeba amana za watu. Ni vyema ndani ya kila nyumba apatikane japo mmoja ajuaye namna zinavyofanya kazi.