Ku kazi tunafunga umeme na kufuli, ku nyumba tunaweka musumari

Kila mufanyakazi wa mugodi anajua sheria hii: mbele ya kugusa mashini, unakata umeme, unaweka kufuli yako mwenyewe, lufunguo inabakia mu mufuko yako, kisha unapima kama kweli umeme imeisha. Hata shefu hawezi kufungua ile kufuli pahali pako. Tunaifuata, hata siku ya kuchoka. Lakini mangaribi, ku nyumba, fizibule ikikatika, mutu yule yule anakamata kipande ya waya, wengine hata musumari, anaingiza pale. Moto inarudi, bana banapiga makofi.

Sisi hatupigi makofi.

Fizibule haikatike bule. Ndani yake muko kawaya kembamba, kenye kupimwa juu ya kiasi fulani ya umeme. Umeme ikipita mu waya yoyote, waya inaizuia kidogo, na kule kuzuia kunaleta joto. Bafundi banakuita rezistansi, na kipimo yake ni omu, juu ya jina ya mwalimu Mujeremani Georg Ohm mwenye kuandika sheria yake mu mwaka wa 1827. Pa volti 220, resho moja ya wati 1.000 inavuta karibu ampere 4 na nusu. Uweke resho mbili na pasi pa waya moja, umefika karibu ampere 14. Umeme imezidi mara 3, lakini joto mu waya imezidi mara 9. Kawaya ka fizibule kanayeyuka mbele, waya ya mu plafo inapona. Ukiweka musumari, haiyeyuke. Sasa kitu itaungua ya kwanza ni ile waya yenye kupita juu ya kitanda ya bana.

Neno rezistansi, bamama banalijua kuliko sisi babwana. Ni ile waya ya kujizungusha mu resho. Haiko shaba. Ni nikeli na kromu zenye kuchanganywa, na inazuia umeme zaidi ya mara 60 kupita shaba. Njo maana yenyewe inakuwa nyekundu na kuivisha bukari, wakati waya ya ku ukuta inabakia baridi.

Ikikatika, tunafanya nini? Tunavuta ncha mbili, tunazifunga pamoja, tunaendelea kupika. Tena mama anafurahi: resho inapika mbio kuliko zamani! Kweli, inapika mbio, sababu imekuwa mufupi. Rezistansi ya omu 48 ukiitosha robo, inabakia 36. Resho ya wati 1.000 inakuwa ya wati 1.300 na zaidi, hakuna mutu aliyeomba vile. Inakatika tena mbele ya mwezi kuisha, tunafunga tena, na kila mara inavuta umeme mingi zaidi mu waya ile ile nyembamba.

Pahali pabaya kabisa ni pale waya mbili zinaungana. Tunazisokota na vidole, tunazungusha kipande ya sashe juu, tunasema imeisha. Kama pale pa kuungana pamebakia omu 1 tu, na ampere 10 zinapita, joto yake ni wati 100, sawa ampuli ya zamani ya wati 100 yenye kufichwa mu mbao. Prizi ikiwa na joto ku mukono, ama imekuwa nyeusi, ama mwangaza unapungua kila mara resho inawaka, njo alama. Tusingojee harufu.

Halafu kuko haya yetu sisi batu ba Kolwezi na Likasi. Shaba tunaichimba sisi, inatoka na makamyo usiku na mchana, na ku soko tunauziwa waya yenye rangi ya shaba inje, ndani ni aluminiumu. Aluminiumu inazuia umeme karibu mara moja na nusu kupita shaba, na ncha zake zinalegea pole pole ndani ya prizi. Chuma iko mubaya zaidi. Beba kisu na sumaku: ukikwaruza na ndani ikatokea nyeupe, ama sumaku ikashika, rudishia mwenye duka waya yake.

Kuko batu banatuambia: feza iko wapi? Tunabasikia, sababu mushahara tunaujua. Lakini fizibule ni kitu ya bei ndogo mu nyumba, na feza ya resho mupya ni kidogo kuliko ya mabati na godoro. Na mwenye kuvuta waya moja juu ya parsele tano, anawekea bajirani hatari bila kubauliza.

Tunaona tena kosa iko upande wa bakubwa ba kazi. Banatufundisha usalama kila asubuhi mbele ya kuanza, lakini ile mafundisho inaishia ku mulango wa mugodi. Mu mazungumzo yenye kukuya, sendika zetu ziombe vitu mbili: saa moja ya mafunzo kwa bamama na bana bakubwa, na fundi mmoja wa kampuni apite mu kambi, nyumba kwa nyumba, na boksi ya fizibule ya kweli na kipimo yake mukononi.