Nani Atawaeleza Wakuu Habari za Fizi?

Mwaka 1965 wageni wawili waliingia katika nchi yetu ya Fizi, mashariki ya Kongo, na bunduki mkononi, kila mmoja na upande wake. Wa kwanza alikuwa Ernesto Che Guevara, aliyevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwezi wa Aprili akatua Kibamba ili kuwasaidia waasi wa Simba, kisha akaondoka Novemba akiwa amekata tamaa. Wa pili alikuwa Mike Hoare, mkuu wa askari wa kukodiwa, ambaye mwishoni mwa Septemba alishusha watu wake Baraka kwa maboti kuwapiga Simba hao hao. Wote wawili waliandika, na maandishi yao yakawa vitabu. Mpaka leo mtu wa Havana au wa London akitaka kujua Baraka ni mahali gani, huanzia kwenye kurasa za hao wawili. Wazee wetu waliobeba mizigo yao, waliozika maiti, waliokimbia na watoto mgongoni kwenda milimani, hawakuulizwa neno, na wengi wao sasa wako kaburini.

Ndugu wasomaji, wageni sina haja ya kuwalaumu. Kila mtu huandika alichokiona. Lawama ni yetu sisi tuliopelekwa shule. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti kubwa juu ya maovu yaliyotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003, na Makobola yetu imo ndani. Mwaka 2013 Taasisi ya Rift Valley ilichapisha kitabu kidogo juu ya kundi lenye silaha la Mai-Mai Yakutumba, na vijiji vyetu vimo. Ni kazi za maana, na watu wa hapa walizisaidia kwa kujibu maswali. Lakini anayejibu maswali ya wengine miaka yote hafiki kuuliza la kwake. Siku wakubwa wanapoketi kujadili amani, iwe Nairobi, Doha au Washington, jina la kijiji chake hutamkwa na mtu ambaye hajalala humo hata usiku mmoja.

Nasema haya kwa sababu vijana wetu wengi sasa wanasomea uhusiano wa kimataifa, Bukavu, Uvira, Bujumbura, wengine hata Dar es Salaam. Mzazi anauza shamba la mihogo, mama anauza ndagaa sokoni Baraka tangu alfajiri, ili mtoto apate karatasi hiyo. Ukimwuliza kijana anataka kuwa nani, atakuambia: balozi, au mshauri wa waziri. Ni jibu zuri. Mwulize basi atamshauri waziri juu ya nini. Hapo wengi hunyamaza. Wamesoma juu ya Vita Baridi na juu ya Ulaya, lakini hawawezi kukueleza kwa kurasa 2 ni nani anamiliki nini Misisi kwenye dhahabu, au kwa nini barabara ya Lulimba hufungwa leo na kufunguliwa kesho.

Nataka kuwapa mfano wa Mkongo aliyeifanya kazi hii ya ushauri hasa, tupime maisha yake pamoja. Jina lake ni Georges Nzongola-Ntalaja. Alizaliwa Kasai mwaka 1944. Alikwenda kusoma Marekani katika chuo cha Davidson, chuo ambacho kilimpokea mwanafunzi wake wa kwanza mweusi mwaka 1962, naye pia alikuwa Mkongo. Nzongola alimaliza huko falsafa mwaka 1967, mwaka uliofuata akapata shahada ya diplomasia Kentucky, na mwaka 1975 udaktari wa sayansi ya siasa Wisconsin. Katikati ya masomo hayo alirudi nyumbani akafundisha Kisangani na Lubumbashi. Baadaye alifundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Howard, akawa rais wa chama cha wasomi wa mambo ya Afrika nchini Marekani, kisha rais wa chama cha wanasayansi ya siasa wa Afrika. Hayo ni madaraja ya msomi, na wako wengi walioyapanda wakaishia hapo.

Yeye hakuishia hapo. Mwaka 1991 Mobutu alilazimika kuikubali Konferensi Kuu ya Taifa, ile ambayo wazee wetu huiita CNS, na Nzongola alirudi Kinshasa akakaa humo kama mjumbe. Vijana wa leo hawaijui vizuri konferensi ile, na ni hasara. Iliongozwa na Askofu Mkuu Laurent Monsengwo. Serikali ilipoifunga Januari 1992, Wakristo wa Kinshasa waliandamana tarehe 16 Februari kudai ifunguliwe, wakapigwa risasi, na damu yao ndiyo iliyoifungua tena. Agosti mwaka ule wajumbe wakamchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, na Nzongola akawa mshauri wa serikali yake katika mambo ya diplomasia.

Tafakarini kazi hiyo ilikuwaje. Serikali ilikuwa na kibali cha wananchi, lakini hazina na jeshi vilibaki kwa Mobutu. Kisha Mobutu akamfukuza waziri mkuu, na Machi 1993 akamteua mwingine. Mshauri wa serikali ya namna ile hapati gari wala nyumba, wala hawezi kumpa ndugu yake kazi ya forodha. Silaha yake ni hoja peke yake: kuzieleza nchi za nje uhalali uko wapi, kwa sheria ipi, kwa kura ipi. Mtu aliyesoma kwa ajili ya suti angeondoka wiki ya kwanza, au angehamia kwa Mobutu, ambako mishahara ilikuwapo. Nzongola alibaki upande wa hoja. Mwaka 1996 akawa makamu wa rais wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi kwa niaba ya upinzani. Uchaguzi waliouandaa haukufanyika. Vita vilianzia huku kwetu Kivu na kuifagia nchi nzima.

Na wakati ule wa CNS, upande wa pili, bunge la zamani la Mobutu liliongozwa na mwana wa Fizi, Anzuluni Bembe. Wazee wa hapa wanamjua kuliko mimi, na simhukumu. Nataka tu tuone kwamba Fizi haijawahi kukosa watu karibu na kiti. Vyeo tumevipata. Kinachokosekana ni maandishi, ushauri uliofikiriwa na kuwekwa ambao kijana wa leo angeufungua na kuuendeleza mahali mkubwa wake alipoachia.

Nzongola aliacha maandishi. Mwaka 2002 alitoa historia ya Kongo tangu Leopold mpaka Kabila, akiielezea kama historia ya watu wanaodai haki yao, na maasi ya mashariki ya 1964 yana nafasi yake humo. Mwaka 2014 akaandika maisha ya Patrice Lumumba. Alifanya kazi katika Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, Nigeria na Oslo, akishauri juu ya utawala bora, kisha akarudi darasani North Carolina. Na mwaka 2022, akiwa mzee wa miaka karibu 80, alikaa kwenye kiti cha Kongo katika Umoja wa Mataifa kule New York, akiitetea nchi yake mbele ya Baraza la Usalama wakati waasi wa M23 walipokuwa wameinuka tena.

Najua kuna watakaopinga. Watasema: huyo ni msomi aliyeikosoa serikali maisha yake yote, mwishoni akawa mdomo wa serikali, tena ya mtoto wa Tshisekedi yule yule aliyemshauri mwaka 1992. Swali hilo ni la haki. Balozi husema alichotumwa, na msomi anapokubali kutumwa hupoteza sehemu ya uhuru wake. Jibu langu ni hili: aliingia ubalozini vitabu vyake vikiwa vimekwisha kuandikwa. Kila anayetaka kupima maneno ya balozi anaweza kuyaweka kando ya maneno ya profesa na kuona kama yanapishana. Anayeingia mikono mitupu, bila neno lolote aliloliandika kwa jina lake, hana cha kupimiwa, na serikali inaweza kumwandika itakavyo.

Kuna mfano mwingine, nao unaniuma kuutaja kwa sababu unagusa makaburi yetu. Profesa Ernest Wamba dia Wamba alifundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 1980. Mobutu aliwahi kumweka kizuizini kwa sababu ya maandishi yake. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye kupenda mazungumzo ya amani, na Afrika nzima ya wasomi ilimjua. Agosti 1998 alikubali kuwa rais wa RCD, kundi lililoinuka na silaha likisaidiwa na majirani. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999, wakati yeye bado ndiye rais, askari wa RCD na washirika wao waliwaua watu zaidi ya 800 katika Makobola na vijiji vya jirani, kwa hesabu ya ile ripoti ya Umoja wa Mataifa. Sisemi kwamba Profesa ndiye aliyetoa amri. Mei 1999 wenzake walimwondoa, naye akafariki Kinshasa mwaka 2020. Mungu amrehemu. Lakini vijana, lishikeni hili: elimu yake ndiyo iliyolivika kundi lile nguo ya heshima mbele ya dunia, na haikuwa na nguvu ya kuzuia risasi hata moja Makobola. Wenye silaha huwapenda sana wasomi, kwa sababu msomi huandika tangazo zuri. Huku kwetu makundi ni mengi, na kila kundi hutafuta kijana mwenye diploma wa kuliandikia madai yake. Likataeni, liwe la kabila lenu au la kabila lingine.

Pingamizi la pili nalisikia kila siku: bila mtu wa kukushika mkono Kinshasa, huajiriwi, basi kuandika kuna faida gani? Ni kweli kwamba mlango wa Kinshasa mara nyingi hufunguliwa kwa udugu. Lakini uhusiano wa kimataifa hauanzii Kinshasa. Kwa mtu wa Baraka unaanzia ufukweni. Ziwa Tanganyika ni la nchi 4, na tarehe 12 Juni 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi Dar es Salaam mkataba wa kulitunza pamoja. Mamlaka yake inakaa Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani miezi 3, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaane. Samaki hawajui mpaka. Uamuzi kama huo ukifanywa ng'ambo, mvuvi wa Ubwari unamgusa, na bei ya ndagaa Baraka inaguswa. Nani kati ya wasomi wetu ameusoma mkataba ule? Nani amekwenda Kazimia kuwauliza wavuvi wanaonaje, akayaweka majibu yao kwenye karatasi ambayo mbunge anaweza kuibeba?

Kadhalika wakimbizi. Tangu 2015 Warundi wanaishi Lusenda, katika ardhi yetu. Tangu 1996 watu wetu wanaishi Nyarugusu, katika ardhi ya Tanzania, na wako waliozaliwa humo na kuzaa humo. Sijui wilaya nyingi duniani zinazoyajua mambo haya pande zote mbili, kupokea na kupokelewa, kama Fizi. Mtoto wa hapa anayetaka kuwa bingwa wa sheria ya wakimbizi ana darasa mlangoni kwake. Na mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mama anayevuka na mzigo kwenda Kigoma ana haki gani mpya, na ni ipi anayonyimwa? Hilo ni swali la diplomasia, na likijibiwa vibaya, anayelipa ni yeye.

Ziko pia habari nzito za vilima vyetu: Wabembe, Wanyamulenge, Wafuliru, Wabuyu na wengine, ng'ombe na mashamba, nani alichoma kwa nani. Mshauri wa kweli lazima awe amekaa kwenye baraza la kila mmoja wao na kusikiliza mpaka mwisho. Anayewajua watu wake tu ni mshabiki, na mshabiki akimshauri waziri, watoto wa pande zote huzikwa.

Nawaomba basi, vijana mlio vyuoni: kiangazi hiki mtakaporudi likizo, msilete simu peke yake. Leteni daftari. Kaeni na wazee waliobaki wa mwaka 1965, na wajane wa Makobola, na wavuvi, na wachungaji wa ng'ombe wa Minembwe. Kazi yenu ya mwisho wa masomo iwe juu ya mahali mnapopajua, na iandikwe pia kwa Kiswahili ili waliohojiwa waisome. Walimu, msiwakubalie kazi zilizonakiliwa. Wabunge wetu wa Fizi, kila mmoja amchukue kijana mmoja aliyeandika kitu cha kweli, ampe meza ofisini na kumlipa, hata kama si wa ukoo wake. Na parokia na makanisa yaliyo na chumba kikavu yatupe rafu moja ya kuhifadhi karatasi hizo, maana wazee wanaondoka kila mvua.