Kasuku Kambini

Askari aliyepangwa Mutaho leo huenda mwakani akapelekwa Muyinga, kisha akarudishwa Gitega. Blanketi na sanduku lake huandamana naye. Kasuku wake je? Twauliza hivyo kwa kuwa hamu ya kufuga ndege huyu huwapata kwa urahisi watu wanaoishi mbali na jamaa zao, wala si hamu ya kulaumiwa. La kulaumiwa ni kumnunua ndege usiyeijua tabia yake.

Anayetafutwa zaidi ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, kwa sababu husema. Wengi hudhani kwamba huigiza sauti tu. Huko Marekani mtaalamu Irene Pepperberg alimnunua mmoja mwaka 1977, akamwita Alex. Hadi alipokufa mwaka 2007, ndege huyo alikuwa amejifunza maneno yapatayo 100, akitaja rangi, maumbo na hesabu ya vitu hadi 6. Akili ya namna hiyo haivumilii upweke. Aachwapo kutwa kizimbani, bwana wake akiwa lindoni, huanza kujinyonyoa manyoya hata kifua kikabaki kitupu. Hupiga kelele na kuuma. Tena hupenda kumchagua mtu mmoja na kuwakataa wengine. Naye aweza kuishi miaka 40 na zaidi. Katika muda huo uhamisho utakuwa mara ngapi?

Kasuku wa Fischer, yule mdogo wa kijani mwenye uso wa rangi ya chungwa, ambaye kwao ni nyanda za Tanzania kusini mwa Ziwa Viktoria, hamtaki mtu, amtaka mwenzake. Ukimfuga peke yake umemtesa. Ukifuga wawili, wewe hawakujali. Kwa ndege wa aina nyingine ni mkorofi. Ndugu yake mwenye uso mwekundu ni mwoga, na hutaga katika vichuguu vya mchwa vilivyo juu ya miti, hivyo ni shida kumzalisha kizimbani. Mpole kuliko hao ni kasuku wa Meyer, wa kahawia mwenye mabega ya njano. Huyo, kwa maoni yetu, angeweza kuistahimili kambi, lau asingekuwa ametolewa porini.

Hapo ndipo jambo linapowahusu walinzi wa usalama. Mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini. Basi polisi wa kizuizini Kobero, akifunua kikapu na kumkuta ndege huyo, amekuta kielelezo cha kesi. Asimchukue nyumbani, hata akiombwa na watoto. Ampe maji, amweke kivulini mbali na umati, na ofisi ya mazingira ijulishwe siku hiyo hiyo. Wala asimwachilie papo hapo kwa huruma: kasuku wa kijivu huishi msituni kwa makundi, na vilima vya mashamba ya maharage na ndizi havimfai ndege mmoja aliyechoka na safari.