Mashine Ijue Ngozi Zetu

Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza kwamba kompyuta waliyoifunza kwa picha 129,450 imeweza kupambanua uvimbe wa ngozi sawa na madaktari bingwa. Ni habari njema. Lakini yatupasa kuuliza: picha hizo ni za ngozi ya nani? Mwaka 2022 wachunguzi wa huko huko walionyesha kuwa mashine za akili mnemba hukosea zaidi mbele ya ngozi nyeusi.

Ndugu mfanyakazi, jambo hili lakuhusu. Saratani iitwayo melanoma, impatapo mtu mweusi, mara nyingi huanzia wayoni. Naye ndugu yetu mwenye ualbino, achumaye chai Lupembe, asidanganywe na baridi: jua la milimani lachoma vilevile.

Kituo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC, Moshi, kina ujuzi wa miaka mingi juu ya ngozi zetu. Basi mashine yoyote iletwayo nchini na ipimwe kwanza na wataalamu kama hao, tena kwa picha za watu wetu waliokubali wenyewe. Wakati huohuo, mwenye kidonda kisichopona asingoje mashine. Aende hospitali leo.