Nani Asiyesoma?

Wapo wanaonicheka kwamba mwalimu mkuu mstaafu anayeyusha pistoni chakavu uani ili asubu puli ya mashine yake ya kukerezea mbao. "Hiyo ni kazi ya wasiosoma," husema. Nawapinga.

Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi. Mwanachuo aliyekariri tarakimu hiyo akafaulu mtihani, mpe makaa, mivukuto na mchanga: hajui aanzie wapi. Hajui kwamba maji yaliyonaswa chini ya metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke, yakatanuka zaidi ya mara 1,000 na kumrushia moto usoni. Hajui kwamba metali ikiganda husinyaa, hivyo kielelezo cha mti sharti kizidi kidogo. Fundi wa sufuria mtaani ayajua yote hayo, wala hana cheti. Nani basi asiyesoma?

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea. Shule nyingi zikaifanya adhabu ya jembe. Akili ikabaki ubaoni, mikono ikabaki shambani. Vyuo vya ualimu na vianze kuvikutanisha viwili hivyo. Mwalimu anayeona haya kushika makaa atamfundisha nani kujitegemea?